Kapi Wakubwa Hawashiki Chambo Katika Maji Makubwa Yaliyojaa Samaki: Dalili, Sababu na Marekebisho

Ziwa au bwawa kubwa lililojaa kapi (samaki wa maji baridi, "carp" kwa Kiingereza) wa kilo 3 hadi 6 humpa mvuvi wa ndoana shughuli nyingi na ridhaa kidogo. Kengele ya mshipi inalia usiku kucha, mikono inauma kwa kuvuta, na wale wa kilo 15 na zaidi ambao huonekana wakipinduka juu ya maji alfajiri hawafiki kamwe kwenye wavu. Malalamiko ninayoyasikia mara kwa mara kutoka kwa wavuvi wa maji ya namna hii yanafanana mno, na karibu yote yanatokana na kosa moja la msingi: mvuvi anatumia chambo kana kwamba kazi yake ni kuita samaki. Katika maji yenye samaki wachache, ni kweli, chambo huita. Katika maji yaliyojaa, samaki wapo tayari na wana njaa, hivyo kazi ya chambo hubadilika na kuwa kuchuja, yaani kuwapitisha wadogo na kubaki chini hadi mkubwa afike. Kila rekebisho lililomo humu linarudi kwenye jambo hilo.

Ni vyema kuelewa kwanza maumbile ya mnyama mwenyewe. Kapi hana mfuko wa tumbo kama wetu. Chakula hutoka kooni na kuingia moja kwa moja kwenye utumbo, na kwa sababu hiyo yeye hula kidogo kidogo kwa saa nyingi badala ya kushiba kwa mlo mmoja. Ana sharubu 4 za kuonjea, ana meno ya kooni yenye nguvu ya kusaga konokono na nafaka ngumu, na ana uwezo wa kufyonza kitu, kukionja na kukitema kabla mvuvi hajahisi lolote. Maji yakiwa na joto la kutosha, kapi anaweza kula kiasi cha asilimia 2 ya uzito wake kwa siku bila taabu. Piga hesabu: kundi la kapi 100 wenye wastani wa kilo 5 lina uzito wa kilo 500, na asilimia 2 yake ni kilo 10 za chakula kwa siku moja. Mvuvi aliyemwaga kilo 1 ya chambo mbele ya kundi hilo hajalisha, amewaonjesha tu, na waliowahi kuonja ni wale wadogo wenye pupa.

Katika maelezo yanayofuata, "boili" ni vidonge vya unga na mayai vilivyochemshwa hadi vikawa vigumu, na "unywele" ni kile kipande chembamba cha uzi kinachoshikilia chambo nje ya ndoana. Mbinu hii ya unywele ilibuniwa na wavuvi wa kapi wa Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1980, na hadi leo ndiyo msingi wa uvuvi huu.

Dalili ya kwanza: wanaonaswa ni wadogo tu, ilhali wakubwa wanaonekana

Sababu ya kawaida kuliko zote ni kiasi cha chambo. Mvuvi anatupa vikonzi vichache vya boili kuzunguka ndoana, kundi la wadogo linafika ndani ya dakika chache, linakula kila kitu, na kidonge cha mwisho kilichobaki ndicho chenye ndoana. Mtego wa namna hiyo unamchagua samaki mwenye haraka zaidi, na samaki mwenye haraka zaidi si mzee wa kilo 18. Ukaguzi wa kwanza ni rahisi: andika saa uliyolisha na saa uliyonasa samaki wa kwanza. Ikiwa kila mara tofauti ni chini ya nusu saa, na kila mara ni mdogo, tatizo lako ni hili.

Marekebisho yake yanatisha mfuko kabla ya kuonyesha faida, maana yanadai ulishe zaidi, tena mara moja, kisha usubiri. Anza na kilo 5 za mchanganyiko wa mahindi yaliyochemshwa na boili nzima, zikiwa zimetawanywa katika eneo la mita 10 kwa 10 badala ya rundo moja, halafu acha mishipi nje ya maji kwa saa 2 au 3. Wavuvi wengi hawawezi kuvumilia kuwatazama samaki wakila bila kutupa, lakini muda huo ndio unaofanya kazi. Wadogo huingia, hula kwa fujo, huchafua tope na kuondoka kwa zamu. Wakubwa, ambao kwa uzoefu wangu hukaa pembeni mwa ghasia hiyo, husogea pale pilikapilika zinapopungua na chakula kikiwa bado kipo. Chambo kikiisha kabla ya wao kufika, umewanenepesha wadogo bure.

Sababu ya pili ni ukubwa na ugumu wa kidonge. Hapa lazima nieleze waziwazi jambo ambalo wengi hulikosea: ukubwa peke yake hauchuji sana. Kapi wa kilo 5 anaweza kumeza boili ya milimita 24 bila shida, kwa hiyo kubadili kutoka milimita 15 hadi 24 kutawazuia samaki weupe wadogo na kapi wachanga, si kapi wa kati. Kinachochuja zaidi ni ukubwa ukiambatana na ugumu. Linganisha ujazo: boili ya milimita 15 ina sentimita za ujazo zisizofika 2, na ile ya milimita 24 ina zaidi ya 7, karibu mara nne. Kidonge kikubwa kilichokaushwa kwa hewa siku 4 hadi 7 kinakuwa kama jiwe la mto. Samaki mdogo anakizungusha mdomoni, anashindwa kukivunja kwa meno ya kooni na anakitema, lakini mkubwa anakivunja kwa sauti ambayo, katika maji tulivu ya kina kifupi, unaweza hata kuisikia ukiwa kwenye mashua. Jaribu pia kuvaa vidonge viwili vya milimita 20 kwenye unywele mmoja.

Sababu ya tatu ni mahali. Kundi kubwa la kapi wa kati lina njia zake na viwanja vyake, na mvuvi huvutwa hapo kwa sababu ndipo anapoona dalili za uhai. Sogea. Wakubwa husafiri peke yao au watatu hivi, na mara nyingi hula kandokando: ukingo wa mfereji wa zamani wa mto uliozamishwa na bwawa, miguu ya miti iliyokufa, kipande cha changarawe kilichozungukwa na tope. Mbinu ninayoipenda katika maji ya namna hii ni kuweka sahani mbili, yaani maeneo mawili ya kulishia. Ya kwanza, yenye nafaka nyingi ndogondogo kama mahindi na ngano, inawekwa wazi mbele ya kundi ili kulishughulisha. Ya pili, yenye boili kubwa na ngumu 40 au 50 tu, inawekwa mita 60 hadi 100 mbali, kwenye kina tofauti, na ndoana zote zinakwenda huko. Kwenye sahani ya kwanza usitupe hata mshipi mmoja, hata kama maji yanachemka kwa samaki. Ukiwavuta wadogo kutoka hapo unavunja ukuta uliojenga mwenyewe.

Sababu ya nne, isiyo ya kawaida sana, ni harufu kali. Peleti (vidonge vya chakula vilivyokandamizwa) za mafuta ya samaki na vimiminika vitamu hutoa ishara ya haraka majini, na wepesi wa kuitikia ishara ya haraka ni wadogo. Watu waliovua mto Ebro kule Uhispania, ambako kapi ni wengi kupita kiasi, wanajua jinsi peleti zinavyowasha kundi zima ndani ya dakika chache, na jinsi kambare wakubwa waliopandikizwa huko katika miaka ya 1970 wanavyozifuata pia. Acha peleti kabisa kwa siku 2 na utazame kama hali inabadilika.

Dalili ya pili: chambo kimekwisha kwenye unywele, kengele haikulia

Kagua kwanza kile kilichobaki. Chukua kidonge ulichokivuta, kiweke kiganjani kwenye mwanga na ukitazame kwa makini. Alama ndogo za nusu duara zilizopangwa kuzunguka kidonge, kana kwamba kimechongwa kwa ukucha, ni za samaki weupe wadogo wanaodonoa. Mikwaruzo isiyo na mpangilio, na upande mmoja uliochimbwa kama kwa ncha ya sindano, ni ya kamba wa maji baridi. Kidonge kilicholainika na kupasuka chenyewe hakijaguswa na yeyote. Ni udhaifu wa unga wako. Na ikiwa kishikizo cha chambo mwishoni mwa unywele kimepotea pamoja na kidonge, huenda kilichomoka hewani wakati wa kutupa, na umekaa saa 6 ukivua na ndoana tupu.

Kwa hiyo kipimo cha kwanza, kabla ya kumlaumu mnyama yeyote, ni glasi ya maji. Tumbukiza vidonge 3 vya aina unayotumia katika glasi ya maji ya ziwa lenyewe jioni, uvitazame baada ya saa 8. Kidonge kinachobaki kigumu katikati kinafaa. Kinachopondeka kati ya vidole viwili hakifai kwa maji yaliyojaa samaki, hata kama kilikuletea ushindi kwingineko.

Kama wanaodonoa ni samaki wadogo, kausha vidonge zaidi au vifunike kwa kile kifuko cha nailoni kinachojikaza kwa mvuke wa maji moto. Kama ni kamba, nailoni hiyo hiyo inasaidia, lakini dawa bora ni kuinua chambo kwa kutumia boili inayoelea sentimita 5 hadi 10 juu ya chubwi, ile risasi inayozamisha mshipi, au kutumia punje ya mahindi ya plastiki. Hapa kuna tahadhari ya kuchukuliwa kwa uzito: maji mengine yana kanuni zinazokataza chambo cha plastiki, na hata pale kinaporuhusiwa, kifungwe kwa namna ambayo hakitabaki ndani ya samaki mshipi ukikatika. Ndege wanaozamia ni sababu ya mwisho, na unawajua kwa sababu mara nyingi wanakuja mchana na kwenye kina kifupi. Lisha baada ya giza kuingia, au nenda kwenye kina kinachozidi mita 5 au 6.

Dalili ya tatu: samaki wanapinduka juu ya chambo, hakuna anayeshika

Sababu ya kawaida hapa si chambo bali umbali, na ndiyo inayonisikitisha zaidi kwa sababu watu hubadili boili mara nne kabla ya kuipima. Katika maji makubwa chakula kinarushwa kwa manati, kwa bomba la kurushia au kwa mashua, huku ndoana ikitupwa kwa ufito, na vitu hivyo viwili havitui mahali pamoja kwa bahati. Upepo wa pembeni unasogeza vidonge vilivyorushwa, na tofauti ya mita 8 inatosha kuwaweka samaki wote upande mmoja na ndoana yako upande wa pili. Chomeka vijiti viwili ardhini kwa umbali wa mita 3.66, ambazo ni futi 12, kisha zungusha mshipi wa kila ufito kati yake na uhesabu mizunguko. Mizunguko 25 ni mita 91 na nusu. Ziba mshipi kwenye klipu ya rili (gurudumu la kukunjia mshipi) kwa hesabu hiyo, fanya vivyo hivyo kwa ufito unaotupia roketi ya chakula (kopo la kupelekea chambo mbali), na chagua alama moja isiyohama ng'ambo ya pili, kama mti mmoja mrefu. Mimi mwenyewe niliwahi kupoteza siku 2 kamili nikilaumu unga wangu, na nilipohesabu mizunguko nilikuta ndoana zangu zilikuwa mizunguko 3 mbele ya chakula, karibu mita 11.

Ikiwa umbali ni sahihi, angalia sakafu. Tupa chubwi tupu, uubane mshipi wakati linashuka na usikilize kwa kidole. Mgoto mkavu unaopanda hadi kwenye mpini ni ardhi ngumu. Mguso laini kama wa mto wa kulalia ni tope, na kuvuta kwa uzito baada ya hapo ni dalili kuwa chubwi limezama na ndoana pamoja nalo. Kwenye tope refusha kiungo cha ndoana hadi sentimita 25 au 30 na upunguze uzito wa kidonge kwa kukichanganya na nusu ya kidonge kinachoelea, ili kitue polepole juu ya tope.

Sababu ya tatu ni ndoana butu. Ivute polepole juu ya ukucha wa kidole gumba. Ikishika inafaa, ikiteleza ibadili. Changarawe huiharibu ncha kwa mtupo mmoja tu, hivyo ukaguzi huu ufanywe kila unapovuta mshipi. Sababu ya nne ni kwamba samaki wanaopinduka hawali chini kabisa bali wako katikati ya maji, wakifuata vumbi la chakula linalopanda. Mahindi ya kopo yenye maji yake na unga mwepesi huleta hali hiyo. Ondoa vitu vyote vinavyotoa wingu na ubaki na vidonge vizima kwa saa kadhaa.

Kuna sababu ya tano ambayo ni kinyume cha dalili ya kwanza. Wakati mwingine chambo ni kingi mno kwa joto la maji. Maji yakiwa chini ya nyuzijoto 10 usagaji wa chakula wa kapi hupungua sana, na kilo 5 zilizofaa majira ya joto huoza chini bila kuliwa. Tumia kipimajoto. Ni kifaa kidogo, na kinakuepusha na ubishi mwingi.

Dalili ya nne: siku ya kwanza ilikuwa nzuri, kisha kimya

Katika maji makubwa, upepo ndio mshukiwa wa kwanza. Upepo wa joto ukivuma kuelekea ukingo mmoja kwa siku 2 husukuma huko maji ya juu yenye joto, hewa na viumbe vidogo, na samaki hufuata. Ukibaki upande wa pili kwa sababu tu umekwisha kulisha hapo, unavua sehemu iliyohamwa. Kagua kwa macho alfajiri, muda wa saa 1 kabla na baada ya jua kuchomoza, na uhamie ambako wanaonekana. Kilo 10 zilizomwagwa si sababu ya kubaki.

Mshukiwa wa pili ni chakula kilichochacha. Mahindi yaliyochemshwa hubaki yakipendwa hata yakianza kuchachuka kidogo, lakini boili zenye unga wa samaki zikikaa chini siku 3 katika maji ya joto hugeuka harufu, na kapi huzikwepa na kulikwepa eneo zima. Lisha upya kidogo tu, na mahali pengine. Mshukiwa wa tatu ni kelele na mshipi uliokazwa juu ya sahani ya chakula: legeza mishipi ilale sakafuni, uache kulisha wakati samaki wapo.

Dalili ya tano: mkubwa ananaswa, kisha anachomoka

Hili si suala la chambo moja kwa moja, ila chambo kikubwa hulisababisha. Mvuvi aliyehamia kidonge cha milimita 24 huku akibaki na ndoana ndogo iliyofaa kidonge cha milimita 15 ameiziba nafasi ya ndoana, na ncha haipati mahali pa kuingia. Ndoana namba 4, au hata namba 2 (namba ikipungua ndoana huwa kubwa zaidi), ndiyo inayolingana na kidonge hicho, na unywele uache pengo la milimita 5 hadi 10 kati ya kidonge na mkunjo wa ndoana. Angalia pia breki ya rili: samaki wa kilo 18 akianza kukimbia lazima apewe mshipi.

Dalili ya sita: umelisha wiki nzima kabla, na hukupata lolote

Ulishaji wa siku nyingi ndiyo mbinu yenye nguvu kuliko zote dhidi ya wingi wa wadogo, na ndiyo inayoharibiwa kirahisi kuliko zote. Maana yake ni kumzoesha mkubwa kukuta chakula kile kile, mahali pale pale, bila hatari yoyote, hadi anafika mapema badala ya kusubiri pembeni. Siku 4 hadi 7 zinatosha. Sababu ya kwanza ya kushindwa ni kubadilibadilisha saa na aina ya chakula. Ya pili ni kuchagua eneo zuri la kulishia ambalo samaki hawali hapo, kama mteremko mkali au magugu maji yaliyooza. Teremsha kikopo kizito chenye uzi, au chubwi lililopakwa jibini laini au grisi, uone kinachokuja juu: mchanga safi na vipande vya kombe ni habari njema, tope jeusi lenye harufu ya yai bovu halina chakula wala hewa na hakuna kapi atakayekaa hapo.

Sababu ya tatu ni maandalizi mabaya ya nafaka, na hapa huhitaji kuwa mvuvi mbaya ili ushindwe, inatosha kuwa mzembe jikoni. Mahindi makavu yalowekwe saa 24 na yachemshwe angalau nusu saa, hadi yalainike ndani. Vinundu vya ndago tamu ("tiger nuts") vinahitaji muda huo huo au zaidi, na visiwe vikavu kamwe, kwa kuwa vikivimba ndani ya utumbo wa samaki vinaweza kumuumiza. Maharagwe mekundu makavu yana sumu ya lektini ambayo haiondoki kwa kulowekwa peke yake. Lazima yachemke kwa nguvu angalau dakika 10. Karanga zenye ukungu zitupwe zote bila kubagua nzuri na mbaya, kwa kuwa sumu ya ukungu haionekani kwa macho. Chakula kilichobaki baada ya safari usikimwage ziwani eti kwa sababu ni kizito kubeba.

Wakati wa kuacha na kumwita mwenye ujuzi

Kuna dalili ambazo hazina marekebisho kwa chambo. Ukiwaona kapi wengi wakipumulia juu ya maji kabla ya jua kuchomoza, oksijeni majini imepungua mno. Maji ya nyuzijoto 10 hushika takriban miligramu 11 za oksijeni kwa lita, ya nyuzijoto 20 takriban 9 tu, na mwani unaoitengeneza mchana huitumia usiku. Acha kulisha mara moja, maana chakula kinachooza hula oksijeni iliyobaki, na umjulishe msimamizi wa maji asubuhi hiyo hiyo.

Ukiona samaki waliokufa kwa idadi, au walio hai wenye macho yaliyozama, matamvua yenye mabaka meupe na ngozi iliyochubuka, hasa maji yakiwa kati ya nyuzijoto 16 na 28, kumbuka virusi vya herpes vya koi (kapi wa mapambo), ugonjwa unaotakiwa kutangazwa kwa mamlaka ya afya ya wanyama wa majini katika nchi nyingi. Usihamishe samaki, usihamishe maji, kausha nyavu na mkeka kabisa, na umpigie msimamizi simu kabla ya kufungasha. Utando wa kijani au buluu unaofanana na rangi iliyomwagika huenda ni mwani wenye sumu: usiuguse, uweke mbwa mbali, uache kuvua.

Wakati kapi wanapotaga, kwa kawaida maji yakifikia nyuzijoto 18 hivi, wataonekana wakikimbizana na kurusha maji kwenye magugu ya ukingoni. Watakula mayai yao wenyewe lakini hawatajali boili zako, na kuwanasa hali hiyo ni kuwaumiza. Waache kwa siku kadhaa. Samaki aliyemeza ndoana kooni asichokonolewe kwa koleo: kata uzi karibu na mdomo na umrudishe haraka, au mwite mtaalamu wa afya ya samaki ikiwa maji yana huduma hiyo. Ndoana iliyoingia karibu na jicho la mtu isitolewe ukingoni. Funika bila kukandamiza na mwende hospitali.

Mwisho ni fito zenyewe. Fito za kaboni hupitisha umeme, na ule mrefu wa mita 3.66 ukiinuliwa chini ya nyaya za umeme unaweza kuua bila hata kuzigusa. Kaa angalau mita 30 kutoka kwenye nyaya za juu. Mshipi ukinasa kwenye waya usiuvute: weka ufito chini kama bado uko salama, ondoka na watu wote, na mpigie simu mwenye mtandao wa umeme aje aukate yeye.